Bibi Monica Wilson, Mjane Aliyeimaliza Kazi ya Mumewe

Wenyeji wa Makandana hawahitaji kufundishwa habari za msiba. Hospitali ya wilaya iko papo hapo katika mji wao wa Tukuyu, na mara kwa mara mpita njia huona gari limesimama, wanawake wamejifunga khanga viunoni, na wanaume wamesimama kimya wakingoja kumchukua marehemu wao waende naye kijijini, kwenye migomba. Ndipo vilio huanza, na nyumba hujaa watu hata mahali pa kukanyaga hapapatikani. Kisha matanga huondolewa, wageni hurudi makwao, na mjane hubaki. Leo twataka kusimulia habari za mjane mmoja aliyejulikana sana katika nchi hii ya Rungwe, aliyekaa humu akiwa bibi arusi, akaondoka na mumewe, na akarudi peke yake baada ya miaka mingi.

Jina lake ni Monica Wilson. Huenda msomaji akauliza kwa nini tunamtafuta mwanamke wa Kizungu kutoka Afrika Kusini, hali wajane wetu wenyewe hawahesabiki. Jibu ni kwamba bibi huyu na mumewe waliandika habari za kilio cha Wanyakyusa kwa uangalifu ambao hakuna aliyewatangulia kuwa nao, nao walifanya hivyo kabla kilio hakijaingia nyumbani mwao. Wajuzi wa msiba ni wengi. Wachache ndio hupewa miaka ya kuutazama msiba wa jirani kwa makini, na baadaye wakalazimika kuufungua tena ule ule uandishi wao, safari hii kwa macho ya mfiwa.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1908 huko Lovedale, katika Jimbo la Cape, akaitwa Monica Hunter. Wazazi wake walikuwa watu wa misioni ya Waskoti, na tangu utoto aliisikia na kuisema lugha ya Kixhosa. Alisoma katika Chuo cha Girton, Cambridge, akaanza na elimu ya historia, halafu akageukia elimu ya mila na desturi za watu. Miaka ya 1931 na 1932 alikaa miongoni mwa Wapondo na jamaa zao, na kitabu alichokiandika juu yao kilitoka mwaka 1936 na kumpa sifa kubwa. Mtu asidhani, basi, kwamba alikuwa mke tu aliyefuata nyayo za mumewe. Alipoolewa mwaka 1935 alikuwa amekwisha kuwa msomi kamili, naye katika kazi hiyo alimtangulia mume.

Mume huyo, Godfrey Wilson, alizaliwa mwaka ule ule wa 1908. Baba yake alikuwa John Dover Wilson, mjuzi mashuhuri wa maandiko ya Shakespeare. Godfrey alisoma Oxford, akajifunza Kiyunani na Kilatini na mafundisho ya wanafalsafa wa kale, kisha akawa mwanafunzi wa Profesa Malinowski huko London. Mwaka 1934 alifika Rungwe kuanza uchunguzi wake juu ya Wanyakyusa, na mwaka uliofuata Monica akaja, wakiwa wamekwisha kufunga ndoa.

Nchi waliyoikuta wasomaji wa Tukuyu wanaijua: mvua isiyochoka, ukungu asubuhi, mlima Rungwe nyuma ya nyumba, na migomba kila upande. Wamoravian walikuwa wamejenga misioni yao Rungwe tangu mwaka 1891, na Wajerumani walikuwa wameufanya mji wa Tukuyu boma lao, wakiuita Neu Langenburg. Siku zile za akina Wilson, Waingereza ndio walioshika utawala, na vijana wengi walikuwa wakivuka milima kwenda Lupa kutafuta fedha kwenye dhahabu. Wilson na mkewe walijifunza Kinyakyusa, wakakaa vijijini, wakazoea kusalimiwa Ugonile na kujibu kama wenyeji. Godfrey alikaa zaidi na wanaume na watawala, akisikiliza mashauri na kesi za ardhi. Monica alikaa zaidi na wanawake, mahali ambapo mwanamume hapati kusikia neno. Jioni walilinganisha habari. Hivyo waliendelea hadi mwaka 1938, na madaftari yakajaa hati mbili za mikono tofauti. Na tusiwasahau Wanyakyusa waliowatafsiria mambo na kuwaandikia, kama vile Leonard Mwaisumo, kwani bila hao madaftari yale yangekuwa matupu.

Katika mambo waliyoyaona, mawili yatupasa kuyaeleza kirefu kidogo.

La kwanza ni vijiji vya rika. Mtoto wa kiume alipofika miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala katika nyumba ya baba yake, akaenda kujenga vibanda pamoja na wenzake wa umri wake pembeni mwa kijiji cha wakubwa. Walirudi kwa mama zao kula, nao walikwenda kwa kundi, leo kwa mama huyu na kesho kwa mama yule. Walipooa, walileta wake zao katika kijiji hicho hicho, nao wakazeeka pamoja. Wazee walipoulizwa sababu, walitaja neno ukwangala, maana yake kukaa pamoja kwa furaha na wenzako, kula nao, kunywa nao, kuzungumza nao hata akili zikachangamka. Mtu aliyekula peke yake alihesabiwa kuwa si mtu mwema, na mtu aliyekaa peke yake alidhaniwa hana hekima, kwani angeipata kwa nani?

La pili ni maziko. Mwaka 1939 Godfrey alichapisha maelezo marefu juu ya desturi za Wanyakyusa katika kuzika. Wageni wengi wa Kizungu walikuwa wameona ngoma za msibani wakashangaa, wengine wakachukia, wakidhani watu hawa hawana huzuni. Godfrey alikaa, akatazama hadi mwisho. Aliona wanawake wakilia karibu na maiti, wakiikumbatia huzuni bila aibu. Aliona ng'ombe wakichinjwa na jamaa wakigawana nyama. Kisha aliona wanaume wakiingia na mikuki yao, wakicheza kwa ukali kama watu waendao vitani, maana uchungu wa mwanamume ulikuwa na hasira ndani yake, na ngoma iliitoa nje hasira hiyo. Saa zilivyopita, ngoma ile ile ilibadilika kidogo kidogo. Vijana walianza kutazamana na wasichana, kicheko kikasikika pembeni, na waliokuja kulia wakaondoka wakiwa wamerudishwa katika mambo ya walio hai. Wala hakuna aliyeona kwamba marehemu ametukanwa.

Monica naye alichunguza yale yaliyofanywa ndani, baada ya ngoma. Wafiwa walifanyiwa taratibu ndefu za kuwatenga na marehemu, za kuogeshwa na kunyolewa, na watu waliamini kwamba mfiwa aliyeziacha angeweza kupatwa na wazimu. Marehemu alisukumwa mbali kwanza, asije akawasumbua jamaa zake katika ndoto. Baadaye alirudishwa nyumbani, lakini sasa akiwa mmoja wa abasyuka, yaani wazee waliotangulia, apate kuota moto mekoni kwa amani. Mjane kwa desturi alirithiwa na ndugu wa mumewe. Kwa kifupi, kazi ilikuwa mbili, nayo ya pili haikuwezekana kabla ya ya kwanza kutimizwa: kumwachilia marehemu aende, na kisha kumkaribisha kwa namna nyingine. Sisi hatukusudii kuzisifu imani hizo zote. Twasema tu kwamba mwanamke kijana aliketi mekoni kwa watu akayaandika haya mstari kwa mstari, hali mumewe yu mzima anamngoja nyumbani, na pengine hakudhani hata siku moja kwamba anaandika habari zitakazomhusu.

Mwaka 1938 Godfrey aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, katika Rhodesia ya Kaskazini ya siku zile, nchi iitwayo leo Zambia. Huko Livingstone alizaliwa mtoto wao wa kwanza, Francis, mwaka 1939. Godfrey alichunguza maisha ya wafanyakazi wa mji wa migodi wa Broken Hill, ambao sasa ni Kabwe, akaandika wazi jinsi mishahara ya Waafrika ilivyokuwa duni na jinsi sheria zilivyowatenga na jamaa zao. Tena alizungumza nao kama mtu azungumzavyo na mwenzake, kama alivyozoea Rungwe. Wenye migodi hawakupendezwa. Vita vilikuwa vimeanza, naye dhamiri yake ilimkataza kushika silaha, na jambo hilo nalo liliwachukiza wengi. Alizuiwa kuingia katika makambi ya wafanyakazi, na mwaka 1941 akajiuzulu.

Akarudi Afrika Kusini na familia yake, akajiunga na jeshi la nchi hiyo katika idara ya matibabu, atumikie bila kuua. Mwaka 1943 mtoto wa pili akazaliwa. Lakini Godfrey alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa huzuni, ule usioonekana kwa macho wala kupimwa kwa joto la mwili, nao ukamlemea. Mwezi wa Mei 1944 alijitoa uhai mwenyewe. Hakuwa ametimiza miaka 40.

Hatuoni faida ya kulificha jambo hili wala ya kulipamba. Mjane wa mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa kawaida huachiwa uchungu, na uchungu huo watu humsaidia kuubeba. Mjane wa mtu aliyekufa namna hii huachiwa pia maswali, na majirani, hata wale wema, hawajui waseme nini, basi wengi hunyamaza au hawaji kabisa. Monica alikuwa na miaka 36, na watoto wawili wa kiume, mkubwa ametimiza miaka mitano na mdogo bado wa kubebwa. Hakuwa na kijiji cha rika cha kumchezea mumewe ngoma, wala desturi za watu wake hazikuwa na siku nyingi za kulia waziwazi. Alikuwa na imani yake ya Kikristo, ambayo hakuiacha hadi mwisho wa maisha yake, na alikuwa na madaftari ya Rungwe.

Mwaka ule ule wa 1944 alianza kufundisha katika Chuo cha Fort Hare, mahali ambapo vijana wa Kiafrika kutoka nchi nyingi za kusini walipata elimu ya juu, na ambapo Profesa Z. K. Matthews alikuwa mmoja wa walimu. Twapenda kulitazama jambo hili kama lilivyo: mfiwa aliyesimama mbele ya darasa kwa sababu watoto walihitaji chakula na mshahara ulipatikana huko. Kuna watu wasemao kwamba kazi huponya. Labda. Sisi twadhani kwamba mara nyingi kazi humpa mfiwa mahali pa kwenda asubuhi, na hilo peke yake si jambo dogo.

Mwaka 1945 kilitoka kitabu kilichobeba majina yao wote wawili, kikieleza jinsi jamii za Afrika ya Kati zilivyokuwa zikibadilika. Walikiandika pamoja, naye Godfrey hakuwahi kukiona kimechapishwa. Watu wangeelewa kama Monica angeishia hapo na kuyafunga madaftari. Kazi ya Unyakyusa ilikuwa ya watu wawili, na mmoja hayupo. Nusu ya maandishi ilikuwa ya mkono wa marehemu, na yeyote aliyewahi kupokea barua ya zamani kutoka kwa mtu aliyekufa anajua jinsi mwandiko peke yake unavyoweza kumtoa mtu machozi, hata kama barua inahusu bei ya mahindi tu.

Hakuyafunga. Mwaka 1947 alikwenda kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, na mwaka 1951 akachapisha kitabu cha kwanza cha Unyakyusa, alichokiita Good Company, maana yake ujamaa mwema wa watu wakaao pamoja. Ni lile neno ukwangala. Kati ya mambo yote waliyoyakusanya wawili hao, yaani watawala, ardhi, ng'ombe, uchawi, ndoa, mwanamke huyu aliyefiwa na mwenziwe katika kazi na katika nyumba alichagua kuanza na habari za furaha ya kuwa na wenzako. Hakuandika neno la kujililia. Kitabu ni cha kitaalamu, kimejaa maelezo ya vijiji na kesi na majina ya koo. Lakini msomaji ajuaye mwaka 1944 ulileta nini hawezi kulisoma jina la kitabu hicho bila kutulia kidogo.

Kitabu cha pili, kilichotoka mwaka 1957, kilihusu taratibu za jamaa, na humo ndimo yalimo maziko. Ilimbidi sasa kurudi katika yale aliyoyaona mekoni miaka ishirini nyuma, jinsi mfiwa anavyotengwa na maiti, na jinsi marehemu anavyorudishwa baadaye. Ilimbidi pia kutumia maelezo ya Godfrey juu ya ngoma za msibani. Mwaka 1959 kikafuata kitabu cha tatu, juu ya ibada za watawala na za nchi nzima. Hivi vyote aliviandika akiwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alikohamia mwaka 1952, akilea wanawe wawili na kufundisha wana wa watu wengine.

Katikati ya vitabu hivyo, mwaka 1955, alirudi Rungwe. Ilikuwa miaka kumi na saba tangu walipoondoka wawili. Aliikuta nchi imebadilika: watu walipanda kahawa ya kuuza, ardhi ilikuwa haba, na mwenye mibuni yake hakutaka tena kuhamahama pamoja na rika lake, hata vijiji vya wenza vikaanza kulegea. Haya aliyaandika. Yaliyompata moyoni alipopita njia walizopita pamoja ni yake mwenyewe. Lakini kila Mnyakyusa anajua mjane akirudi baada ya muda mrefu hupokewaje na wale waliomjua marehemu. Humlilia marehemu upya, pamoja naye, kana kwamba amekufa jana, ndipo humkaribisha mgeni chakula.

Tusimfanye mtakatifu wa elimu. Wataalamu wengine waliokuja baadaye walipinga baadhi ya maelezo ya Wilson na mkewe. Simon Charsley, kwa mfano, alitoa kitabu mwaka 1969 juu ya watawala wa Kinyakyusa, na humo akayaona mambo kwa namna nyingine. Na kuna Wanyakyusa ambao wangependa kuona mababu zao wakiandikwa na wajukuu wenyewe, jambo ambalo ni haki. Lakini ni haki pia kusema kwamba bibi huyu aliwapa wanafunzi wake wa Kiafrika nafasi. Kitabu cha mwaka 1963 juu ya mtaa wa Langa, Cape Town, kilitoka kwa jina lake na la mwanafunzi wake Archie Mafeje. Mwaka 1968 chuo hicho kilimteua Mafeje kuwa mwalimu, kisha kikaufuta uteuzi huo kwa kuiogopa serikali ya ubaguzi, na aibu ile ilikaa kwa miaka mingi. Mafeje mwenyewe alikuja kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mambo mengine tutayapita upesi. Pamoja na Leonard Thompson alihariri historia kubwa ya Afrika Kusini, majuzuu mawili ya miaka ya 1969 na 1971, ambayo iliianza habari ya nchi ile na Waafrika wenyewe badala ya kuianza na meli za Wazungu. Mwaka 1973 alistaafu, akaenda kukaa Hogsback, milimani katika Cape ya Mashariki, mahali penye ukungu na misitu ambapo mtu wa Tukuyu hangejiona mgeni sana. Hakuolewa tena. Mwanawe Francis akawa profesa wa uchumi, akaandika juu ya mishahara ya wachimba dhahabu, jambo ambalo baba yake alilianza Broken Hill na kukatazwa. Francis alifariki mwaka 2022.

Kitabu cha mwisho cha Unyakyusa kilitoka mwaka 1977, miaka 33 baada ya kifo cha Godfrey. Kinaeleza jinsi uhusiano wa vijana na wazee, na wa wanaume na wanawake, ulivyogeuka katika nchi hii tangu mwaka 1875. Wakati huo Monica alikuwa na umri wa miaka 69. Hesabu hiyo wapaswa kuikumbuka wale wamwambiao mjane, mwezi wa tatu tu baada ya maziko, kwamba sasa imetosha. Mwanamke huyu hakuacha kufanya kazi, hakuacha kulea, alicheka na wanafunzi wake, alipanda vyeo, na kwa muda huo wote alikuwa bado ana jambo la kumalizia na mtu aliyekufa mwaka 1944.

Alifariki tarehe 26 Oktoba 1982. Karatasi zake na za mumewe ziliwekwa pamoja katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na miongoni mwazo yamo madaftari ya Rungwe, ambamo Kinyakyusa na Kiingereza vimefuatana ukurasa kwa ukurasa, mara kwa mkono wa Godfrey, mara kwa mkono wa Monica.